Mchaichai Si Dawa ya Kila Uchovu
Jamaa zangu wa Wanging'ombe hawaji mjini bila kuniletea mchaichai, nami naupenda. Majani machache katika maji ya moto, na tangawizi kidogo, huchangamsha mwili asubuhi ya baridi. Lakini tuelewane. Mchaichai hauna kafeini kama majani ya chai yalimwayo Njombe. Nguvu tunayoisikia ni ya joto, maji na sukari tuliyotia. Chai nayo, ikinywewa pamoja na chakula, hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyapata katika mboga na maharage. Heri inywewe saa moja baada ya kula. Na uchovu usiokwisha wiki mbili huweza kuwa upungufu wa damu, au kifua kikuu. Hapo tuteremshe sufuria, twende zahanati tukapimwe.