MSHAHARA MMOJA, NYUMBA MBILI
Jinsi ya kuisaidia jamaa iliyo ng'ambo ya mpaka mpaka isimame yenyewe



Wengi wetu tunaofanya kazi hapa Kasese, iwe ni kwenye saruji kule Hima, kwenye mashamba ya umwagiliaji ya Mubuku au kwenye mashine za kuchambua pamba, tuna nyumba mbili za kulisha. Ya kwanza ni hii tunayolala. Ya pili iko ng'ambo ya mto Lubiriha, upande wa Kongo: Kasindi, Mutwanga, Beni, hata Butembo. Mwaka 1910 Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani walipatana juu ya mipaka ya sehemu hizi, na Mkonzo wa Bwera na Mnande wa Beni, ambao lugha yao ni moja, wakajikuta kila mmoja ana serikali yake. Kwa hiyo mtu wa Bwera akisema ana jamaa katika nchi ya nje, hasemi habari za Ulaya. Anamsema shangazi yake anayeweza kumfikia kwa pikipiki.

Makala hii haiulizi kama yafaa kuwasaidia. Hilo mila imekwisha kulijibu zamani. Inaeleza namna ya kusaidia, kwa sababu tumeona wafanyakazi wakituma fedha kila mwisho wa mwezi kwa miaka kumi, na ile nyumba ya pili ikabaki palepale ilipokuwa.

Sababu yake si uvivu, kama wengine wanavyopenda kusema. Fedha ndogo inayokuja kila mwezi huishia kwenye unga, chumvi, sabuni na dawa, na mara nyingi hata kabla ya kufika ina mwenyewe. Mwenye duka ameandika deni kwenye daftari. Mnunuzi wa kahawa amekwisha kulipa bei ya chini wakati mti ulikuwa bado na maua, na kahawa ikiiva ni yake, hata bei ya soko ikipanda namna gani. Hapo wewe unamlipa mwenye duka na mnunuzi kwa mkono wa shangazi yako.

Tena kuna hatari ya pili, ambayo watu wa Kasese tunaijua kuliko wengine. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza uzalishaji mwaka 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kazi ya kuchimba ikasimama. Siku mshahara ulipokatika hapa, ulikatika vilevile katika kila nyumba iliyokuwa ikiungoja mbali. Nyumba inayosimama kwa mguu mmoja, na mguu wenyewe ni kibarua cha mtu mwingine katika nchi nyingine, haiwezi kuitwa imesimama.

Basi tuanze na maswali. Kabla ya kutuma hata shilingi moja ya mradi, nenda ukakae nao siku nzima. Usiende kama mkaguzi. Sema kwa heshima: "Shangazi, nisamehe kwa kuuliza mambo ya ndani. Nataka tujue pamoja fedha inapita wapi." Yeye atakwambia: "Mwanangu, deni la duka ndilo linalotumaliza." Au atataja ugonjwa, au shamba lililowekwa rehani. Uliza pia walicho nacho: kipande cha ardhi, mikono mingapi ya kufanya kazi, nani anajua kushona, nani anajua kufuga. Mara nyingi jamaa maskini ana kitu ambacho hakijapata nafasi.

Kazi ya kwanza ya fedha yako ni kulipa deni linalokula kila mwezi. Watu hulidharau jambo hili kwa sababu halionekani. Hakuna mbuzi wa kuonyesha wageni. Lakini mtu aliyetoka katika deni la mnunuzi wa kahawa anaweza kungoja tunda liwe jekundu, alikaushe vizuri, na kuuza kwa bei ya siku ile. Hilo peke yake ni nyongeza ya mapato bila kuongeza mti hata mmoja.

Baadaye ndipo mradi. Na hapa lazima tukumbuke hali ya upande ule. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika sehemu za Beni yamewatoa watu wengi mashambani, na mara nyingine wanakimbia usiku. Mtu wa namna hiyo ukimpa miche ya kahawa, atangoja miaka kama mitatu kabla ya mavuno ya kwanza, na akikimbia, shamba halitamfuata. Kwa hiyo anza na kitu kinachozaa upesi na kinachobebeka.

Wenzetu wa Kivu wanafuga simbilisi jikoni, na baadhi yetu huku tunawacheka. Tusicheke. Simbilisi hula majani na maganda, hubeba mimba kwa muda wa miezi miwili tu, huzaa watoto wawili hadi wanne, na mavi yake hutia rutuba bustani ya mboga. Siku ya kukimbia, jike watano na dume mmoja wanaingia katika kikapu kimoja. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano na anatembea kwa miguu yake. Kuku ni wazuri, ila kideri kikiingia kijijini huua wote kwa juma moja, basi usinunue kuku bila kupanga habari ya chanjo. Ng'ombe mwacheni kwanza. Kahawa itakuja nyumba ikishatulia.

Mradi peke yake hautoshi kama hakuna mahali pa kuweka faida na kukopa siku ya shida. Huku tunajua upatu, na wenzetu wa Kongo wanaita likelemba: wote mnachanga, mmoja anachukua. Ni jambo zuri, lakini anayeugua leo hungoja zamu yake. Sanduku la akiba ni mpango mwingine. Ulianzia Maradi, nchi ya Niger, mwaka 1991, kati ya wanawake ambao wengi hawakujua kusoma, wakisaidiwa na shirika la CARE, na sasa umeenea Afrika nzima. Wanachama ni kama 15 hadi 25, wanaojuana. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Kila mkutano mtu hununua hisa, moja hadi tano, mbele ya wote. Anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake. Mwisho wa mwaka wanagawana yote na kuanza upya.

Tuchukue mfano kwa shilingi za Uganda. Hisa moja ni shilingi 1,000. Shangazi ananunua hisa mbili kila juma. Baada ya majuma 10 ana akiba ya 20,000, na anaweza kukopa 60,000. Akikopa kwa miezi miwili kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, atarudisha 66,000. Ile 6,000 haiendi kwa tajiri wa mjini, inabaki ndani ya sanduku. Mwisho wa mwaka ana hisa 104. Ikiwa kundi zima lina hisa 2,000 na sanduku lina shilingi 2,400,000, kila hisa imekuwa 1,200, na yeye anachukua 124,800. Mahali penye vita wasingoje mwaka. Wagawane baada ya miezi michache, ili sanduku lisiwe na fedha nyingi za kuvutia mwizi.

Lipo jambo moja ambalo wanaume hatupendi kulisikia. Mara nyingi mke analima kahawa na mume anaiuza peke yake. Hapa kwetu, Kyarumba, chama cha ushirika cha Bukonzo Joint kiliwafundisha mume na mke kuchora pamoja, kwa picha, njia ya nyumba yao: nani anafanya kazi gani, nani anatumia fedha gani, wanataka kufika wapi. Asiyejua kusoma anachora sawasawa na aliyesoma. Mfano huo ni wa kuupeleka ng'ambo kabla ya mbuzi.

Juu ya kutuma: kila ukibadilisha shilingi kuwa franka au dola, mtu anakata fungu lake, na kutoa fedha kwenye simu kuna ada na kodi. Ni nafuu kukutana Mpondwe siku ya soko, Jumanne au Ijumaa, na kununua jembe pamoja naye, yeye akichagua. Lakini msitegemee njia hiyo moja. Juni 2019 Ebola ilipofika hospitali ya Bwera, na Machi 2020 kwa ajili ya Korona, tuliona mpaka unavyoweza kukaza ghafla. Wawe na akiba ya miezi miwili upande wao.

Wapeni mpango wa kupunguza, nao waujue tangu siku ya kwanza. Kama unatuma 60,000 kila mwezi, patana nao: miezi sita kamili, miezi sita inayofuata 40,000, mwaka wa pili 20,000, kisha ni kwa ugonjwa na msiba tu. Ukikata bila kusema, itakuwa ugomvi wa ukoo. Ukisema mapema, wao wenyewe watahesabu miezi.

Wala usikope ili utume. Nimeona mfanyakazi ameacha kadi yake ya benki kwa mkopeshaji na kila mwezi anaomba mshahara wake mwenyewe kama mtoto. Sheria ya wakopeshaji ya mwaka 2016 na kanuni zake zinamkataza mkopeshaji kushika kadi hiyo au kitambulisho cha taifa kama dhamana. Aliye katika hali hiyo aje kwa katibu wa tawi.

Na mwajiri asisome makala hii akadhani tunasema mshahara unatosha kama mtu akipanga vizuri. Kima cha chini cha Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha, na Rais hakuutia sahihi. Hesabu za sanduku tunazifanya wakati dai hilo bado liko mezani, na matawi yanayotaka kufundishwa hesabu hizo yapeleke majina kwa makatibu wao, wake kwa waume.