Thamani ya Reale ya Maria Theresa

Wasikilizaji, wengi wenye reale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, aliyetawala Austria, huona mwaka 1780 juu yake, wakadhani wana hazina ya kale. Sivyo. Malkia huyo alikufa mwaka ule, lakini hata leo reale hupigwa Vienna kwa tarehe ile ile. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo. Fedha safi ndani yake ni gramu 23 na kidogo. Basi sonara hulipa kwa kadiri ya fedha hiyo. Ziko nyingine zing'aazo kama kioo, zilizopigwa kwa ajili ya wakusanyaji, nazo huuzwa ghali zaidi. Lakini mtu akiisugua kwa majivu, mng'ao huharibika, na mkusanyaji haitaki tena. Pimeni kwanza, ndipo muuze.