Kusomea Wanyama wa Mwituni

Mara kwa mara wazazi hutuuliza: kijana aliyeshinda mitihani yake, aende Chuo Kikuu kujifunza habari za nyumbu na pundamilia, ya nini? Wazee wetu hawakuwajua wanyama hao pasipo kalamu wala daftari? Swali hili ni la haki, maana karo hutoka katika ng'ombe na kahawa. Twapenda kulijibu kwa habari za Serengeti.

Katika miaka ya 1890 maradhi ya sotoka yaliingia nchi zetu, yakaua ng'ombe, nyati na nyumbu wasio na hesabu. Hata miaka mingi baadaye ndama wa nyumbu walizidi kufa kabla ya kutimiza mwaka. Wengi walidhani ya kuwa mwitu ndio ghala ya ugonjwa, na ya kuwa ng'ombe huambukizwa huko. Lakini ng'ombe wa kandokando ya Serengeti walipochanjwa, sotoka ikatoweka kwa nyumbu pia, mnamo mwanzo wa miaka ya 1960. Kumbe ghala ilikuwa zizini! Nyumbu waliokuwa kama 250,000 mwaka 1961 wakafika kama 1,300,000 mwaka 1977.

Je, hesabu hiyo hupatikanaje? Hapana mtu awezaye kusimama juu ya kichuguu akawahesabu. Eropleni hupita katika mistari iliyonyoka, picha hupigwa, kisha vichwa huhesabiwa katika picha kimoja kimoja, na kwa sehemu hiyo hukadiriwa jumla yote. Kazi hii yachosha macho, nayo yataka hisabati. Asiyeipenda hisabati na ajihadhari.

Tena, nyumbu walipoongezeka walikula majani mengi, yakabaki machache ya kuungua wakati wa kiangazi. Moto ukapungua, na miche ya miti ikapata nafasi ya kukua. Basi sindano ya ng'ombe imeotesha miti! Mwenye kujua tabia za wanyama peke yake hawezi kuuona mnyororo huu. Hapana budi ajifunze na mimea, na maradhi, na desturi za wafugaji.

Elimu hiyo hufundishwa katika Chuo cha Mweka, miteremkoni mwa Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1963, na katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Sotoka yenyewe ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imekwisha duniani kote. Lakini tembo bado huingia mashambani usiku, na mwenye mahindi yaliyoliwa hangojei hotuba juu ya uzuri wa tembo. Ataka kujua usiku wa leo afanye nini. Kijana aliyejifunza vema aweza kumwonyesha jinsi ya kutundika mizinga ya nyuki mpakani mwa shamba, kwa maana tembo huwaogopa nyuki. Lakini kwanza ataketi amsikilize mwenye shamba, ambaye ndiye azijuaye njia wapitazo.