Kutangaza na Kufasili: Hitilafu za Kujenga Programu za Mikrokontrola Nje ya Mazingira Yake ya Awali

Programu iliyojengeka vizuri jana katika mazingira fulani yaweza leo kukataliwa katika mazingira mengine, bila hata herufi moja kubadilishwa. Jambo hilo huwatatiza sana wanaoanza kazi ya mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyokusanywa yote ndani ya chipu moja, na aghalabu huwafanya warekebishe mahali pasipokuwa na kosa. Makala hii inakusudia kueleza chanzo cha hitilafu hizo na jinsi ya kuzitambua. Inadai pia kwamba sehemu kubwa ya tatizo ni ya msamiati, kwa kuwa hitilafu za aina tatu mbalimbali zimezoeleka kuitwa kwa jina moja tu, “kosa”.

Uchukuliwe mfano wa fundi wa Lubutu, mji ulioko kaskazini mwa jimbo la Maniema, kwenye barabara ya taifa namba 3 itokayo Kisangani kuelekea Bukavu. Fundi huyo ni wa kubuniwa. Vifaa vyake na tabia za vifaa hivyo ni halisi. Anatengeneza kipimajoto cha friji ya chanjo. Chanjo nyingi hutakiwa kutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na baadhi yake, kama ile ya pepopunda, huharibika zikiganda. Kipimajoto kinachosema uongo, basi, ni kibaya kuliko kutokuwa nacho. Fundi anatumia kadi ya Pro Mini yenye chipu ya ATmega328P, ambayo ina kilobaiti 32 za kuhifadhia programu na baiti 2,048 tu za kufanyia kazi, pamoja na kihisio cha DS18B20. Programu yake ameiandika katika mazingira ya Arduino. Sasa imerefuka, faili zimekuwa nyingi, naye ataka kuihamishia PlatformIO, chombo kilichoanza mwaka 2014. Anapojaribu kuijenga humo, anapata mistari 40 ya malalamiko.

Arduino ulianza mwaka 2005 mjini Ivrea, Italia. (Jina ni la baa ya mji huo, nayo baa iliitwa hivyo kwa ajili ya mfalme Arduino wa mwanzoni mwa karne ya 11.) Ulikusudiwa wanafunzi wa usanifu wasiokuwa wahandisi, na kwa hiyo mengi ulifichwa wasiyaone. Kabla ya kuikabidhi programu kwa kompaila, mazingira hayo huunganisha faili zote zenye kiishio cha .ino, huongeza juu yake mstari unaoita faili la Arduino.h, kisha hutunga matangazo ya fanksheni zote ambazo mwandishi hakuzitangaza. Fanksheni ya main, ambayo kila programu ya lugha ya C++ huanzia hapo, haionekani kabisa. Imo ndani ya maktaba ya msingi, na kazi yake ni kuita setup mara moja na loop daima. Mwandishi hudhani ameandika C++, kumbe ameandika C++ ya nyumbani, ambayo msikilizaji wake hujaza yasiyosemwa.

Wasomaji wa Maniema hawatakuwa wageni wa hali hiyo. Katika Kiswahili cha Kongo mtu husema “mtoto iko wapi”, na hakuna anayekosa kumwelewa. Sentensi hiyo hiyo ikipelekwa kwa msahihishaji wa mtihani jijini Dar es Salaam itapigwa mstari mwekundu kwa sababu ya upatanisho wa ngeli. Msemaji hakuharibikiwa na lugha njiani. Aliyebadilika ni msikilizaji, na huyu wa pili hudai yaandikwe ambayo wa kwanza aliyachukua kuwa yanajulikana.

Hitilafu ya aina ya kwanza ni ya kutopatikana. Kompaila husema “No such file or directory”, yaani faili lililoitwa halipo pale lilipotafutwa. Msimbo wenyewe haujaanza hata kuchunguzwa. Maktaba ya DallasTemperature, inayosoma kihisio cha DS18B20, huita maktaba nyingine iitwayo OneWire. Aliyeleta ya kwanza akaisahau ya pili atapata ujumbe huu. Atapata huo huo aliyetoka Windows akaingia Linux hali ameandika onewire.h kwa herufi ndogo, kwa maana Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili. Katika PlatformIO maktaba hutajwa ndani ya faili la platformio.ini, chini ya neno lib_deps. Hapa pana jambo la kuangaliwa mahali penye mtandao dhaifu: mara ya kwanza PlatformIO hupakua kompaila na maktaba kutoka intaneti. Yafaa ujenzi wa kwanza ufanyike mjini Kisangani, kwa mfano, kisha folda ya .platformio ibebwe hadi kwenye kompyuta nyingine ya aina hiyo hiyo.

Aina ya pili ni ya kutotangazwa: “pimaJoto was not declared in this scope”. Fanksheni ya pimaJoto ipo, imeandikwa kikamilifu, ila iko chini ya mahali ilipoitwa, na kompaila husoma kutoka juu kwenda chini. Dawa ni kuandika juu tangazo lake la mstari mmoja. Ikiwa maneno yasiyotambuliwa ni kama pinMode au Serial, kilichokosekana ni mstari wa Arduino.h, na kuuongeza huweza kufuta malalamiko 30 kwa mara moja. Ndiyo sababu ujumbe wa kusomwa ni ule wa kwanza. Mingi iufuatayo ni uzao wake.

Aina ya tatu huwapoteza wengi: “undefined reference”. Hapa kompaila imekwisha ridhika, na anayelalamika ni kiunganishi, ambacho hukusanya vipande vilivyokwisha kutafsiriwa. Jina limetangazwa lakini halikufasiliwa popote. Kutangaza ni kusema kwamba kitu kipo. Kufasili ni kukileta chenyewe. Anayetumia Makefile ya kuandika kwa mkono hupata ujumbe huu pale anapoita OneWire.h bila kuagiza OneWire.cpp itafsiriwe. Akiwa anaita zote mbili “kosa la OneWire”, atarudi kuhangaika na njia za mafaili, ambazo hazina dosari. Lugha ya wanaisimu ilikuwa tayari na neno “fasili”. Mafundi hawana haja ya kubuni jingine.

Iko pia hitilafu isiyotoa ujumbe wowote, nayo ndiyo ya kuogopwa. Kadi ya Pro Mini hutengenezwa kwa namna mbili: ya volti 5 na megahezi 16, na ya volti 3.3 na megahezi 8. Chipu ni moja, na programu huingia katika zote mbili. Fundi akichagua kadi ya megahezi 8 katika platformio.ini ilhali aliyonayo ni ya 16, programu itajengeka bila neno, itapakiwa bila neno, na kila muda wa kusubiri utakuwa nusu ya uliokusudiwa. Maandishi yanayotumwa kwenye kompyuta yatageuka takataka. Kihisio, ambacho huwasiliana kwa kuhesabu mikrosekunde, huenda kisijibu kabisa, na maktaba ikarudisha -127. Au kikisomwa kabla ya kumaliza kupima, kazi inayoweza kuchukua milisekunde 750, kitatoa 85, tarakimu ambayo huwa nayo kila kinapowashwa. Zote mbili si joto la friji. Programu yapasa izikatae na kuonyesha alama ya hitilafu, isije ikaziingiza katika wastani wa siku.

Baada ya kurekebisha platformio.ini, vipande vya zamani vifutwe na programu ijengwe upya tangu mwanzo. Kisha kihisio kisichoingia maji kitumbukizwe katika kikombe cha barafu inayoyeyuka, kikorogwe, na kuachwa dakika chache. Kipimo kiwe karibu na 0, kwa tofauti isiyozidi nusu digrii, kabla kifaa hakijafungwa kwenye friji.