Nati Ikae Ndani

Wiki ya kufungua shule, barabara itokayo Mbale kwenda Soroti hugeuka maonyesho ya masanduku. Taksi, ndivyo matatu inavyoitwa Uganda, hupita Nakaloke zikiwa zimebeba masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni: meusi, ya bluu, mengine ya maua, jina la mwenyewe limepakwa rangi nyeupe juu ya kifuniko na kufuli dogo linaning'inia mbele. Magodoro yamekunjwa juu yake, beseni juu ya magodoro. Kondakta amepanda na kamba ya mpira iliyochanwa kutoka tyubu kuukuu. Anaivuta mpaka inalia, anaipitisha chini ya chuma cha keria, anafunga, anashuka. Gari linaondoka.

Mtu anayetaka kwenda kupiga kambi na familia yake angeanza kujifunzia hapo. Matangazo ya ng'ambo humwonyesha masanduku ya plastiki ngumu ya Thule, kampuni iliyoanzishwa Sweden mwaka 1942, au ya Pelican, iliyoanza California mwaka 1976, na bei zake humkatisha tamaa kabla hajashika spana. Lakini kubeba sanduku lenye kufuli juu ya gari si kazi ngeni huku. Kilichobaki ni kuifanya kwa namna ambayo sanduku halitaishia mtaroni, wala nyumbani kwa mtu mwingine.

Nakaloke ni mji mdogo, mwendo wa dakika chache kaskazini ya Mbale, katika pembe ya nchi ambayo wapiga kambi hawaikwepi. Wanaotoka Jinja hupita Iganga na Tirinyi, wakivuka vinamasi vya Mpologoma na mashamba ya mpunga, kisha wakauona Mlima Elgon umelala mbele yao kama ukuta wa buluu. Kutoka Mbale wengine huelekea Budadiri, wakaache gari hapo na kuanza kuikwea njia ya kilele cha Wagagai, mita 4,321. Wengine hushika njia ya Sironko hadi Muyembe, na Muyembe ndipo njia panda yenyewe: kulia ni mlima wa kwenda Sipi na Kapchorwa, mbele ni tambarare za Pian Upe, Nakapiripirit na Moroto. Huku kona, kule vumbi. Mvua ni ya wote.

Kabla ya kufuli, kuna mizani. Kila gari lina uzito ambao paa lake limeruhusiwa kubeba likiwa mwendoni, na umeandikwa kwenye kitabu cha gari ambacho wengi wetu hatukifungui mpaka siku ya kuuza. Kwa magari mengi madogo na ya wastani ni kati ya kilo 75 na 100. Uzito huo ni pamoja na keria yenyewe, na hapo ndipo watu hukosea. Hesabu iko hivi: keria ya chuma iliyochomelewa na fundi inaweza kufika kilo 35, masanduku mawili ya bati, matupu, kilo 7 kila moja, hema la kufungwa juu ya paa, kilo 55. Jumla ni 104, na hata blanketi moja halijaingia.

Mtu atauliza: kama paa haliwezi kilo 104, mbona watu wazima wawili hulala humo hemani na halibonyei? Jibu ni kwamba gari lililosimama halina matuta. Gari likiruka tuta, mzigo unaodunda juu yake hulisukuma paa kwa nguvu kubwa kuliko uzito wake wa dukani. Ndiyo sababu baadhi ya watengenezaji wa keria hushauri mzigo upunguzwe kwa theluthi nzima pale lami inapoisha. Kilo 100 za barabara ya Tirinyi ni kama kilo 67 kwenye njia ya mawe.

Halafu kuna kona. Mzigo wa juu huinua kitovu cha uzito wa gari, na barabara ya kupanda Sipi imejaa kona za kukupeleka huku na huku ukiwa na ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Gari lililokuwa likikata kona vizuri jana, leo linalala. Kwa hiyo juu viwekwe vitu vinavyojaza nafasi bila kulemea: mablanketi, magodoro, hema, viti vya kukunja, masufuria. Maji yashuke chini, maana dumu la lita 20 ni kilo 20 kamili. Mtungi wa gesi, betri, jeki na vipuri navyo vikae ndani ya gari, chini, karibu na katikati.

Ushauri huu hufuatwa vizuri wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi ni habari nyingine. Kapchorwa ni nchi ya viazi mviringo na kahawa, bei ya njiani inavutia, na sanduku lililopanda mlima na mablanketi hushuka na viazi.

Sasa kufuli. Wenye magari hutumia fedha nyingi kwenye kufuli na senti chache kwenye kile kinacholishikilia sanduku. Mwizi hana sababu ya kupambana na kufuli la shaba ikiwa sanduku zima limefungwa kwa mikanda miwili. Anakata mikanda, anaondoka nalo, anakwenda kulifungulia gizani kwa nafasi yake. Akikuta limefungwa kwa bolti ambazo nati zake ziko nje, chini ya keria, anahitaji spana namba 13 tu, na hiyo kila mwenye bodaboda anayo.

Siri ni kuzigeuza. Fundi anatoboa matundu manne kwenye sakafu ya sanduku, karibu na pembe, si pembeni kabisa. Chini ya vyuma vya keria anaweka kipande cha bati nene chenye tundu la mraba. Bolti inayofaa ni ile ya mbao na mageti, yenye kichwa cha mviringo kama uyoga na shingo ya mraba chini yake. Inaingizwa kutoka chini kwenda juu: kichwa laini kinabaki nje, hakishikiki kwa spana wala koleo, na shingo ya mraba inakaa kwenye tundu lake ili bolti isizunguke. Inapotokeza ndani ya sanduku, inavalishwa raba, juu ya raba washa pana, kisha nati yenye pete ya plastiki ndani, ile isiyolegea kwa mtikisiko. Nati imekaa ndani. Ili kuifikia lazima kifuniko kifunguliwe, na hapo tu ndipo kufuli linaanza kuwa na maana.

Washa pana si mapambo. Bati la sanduku la shule ni jembamba, na plastiki hupasuka. Bolti yenye washa ndogo hulichana tundu lake taratibu, tuta kwa tuta, mpaka siku moja ibaki kwenye keria na sanduku liwe limekwenda. Kwenye sanduku la bati, wengine huweka ubao mzima sakafuni na kubana bolti juu yake. Ni kazi nzuri. Komeo nalo likaguliwe: la kiwandani mara nyingi limeshikwa na ripiti mbili nyembamba ambazo bisibisi huzing'oa. Fundi wa kuchomelea akiongeza komeo la chuma na bawaba ambazo pini zake hazichomoki, sanduku la mwanafunzi limekuwa sanduku la safari.

Tusidanganyane: hakuna sanduku linaloshinda grenda. Linachofanya sanduku lililofungwa vizuri ni kumchelewesha mtu na kumlazimisha apige kelele. Pasipoti, fedha na kamera hazina kazi juu ya paa hata kama kufuli ni la benki.

Bolti mpya hujilaza baada ya mwendo wa kwanza, raba ikisinyaa. Anayetoka Jinja asimame Iganga, kilomita 40 hivi mbele, akaze tena zote nne. Akisikia mvumo kama wa nzi mkubwa juu ya kichwa chake, huo ni mkanda wa racheti unaopigwa na upepo. Ukisokotwa mara moja kabla ya kukazwa, unanyamaza.

Mvua ya upande huu haina mzaha. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale na kuua watu. Mvua ya kawaida tu ya alasiri, gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, husukumwa na upepo mpaka chini ya ukingo wa kifuniko. Raba ya mlango wa gari, inayouzwa kwa mita, ikigandishwa kuzunguka ukingo huzuia maji, na huzuia pia vumbi la zile tambarare za Karamoja, ambalo hupenya hata pale maji yanaposhindwa. Matundu ya bolti yapakwe silikoni juu na chini. Sanduku jeusi lipakwe rangi nyeupe, kwa maana jua la Pian Upe hulioka, na mishumaa, dawa na viberiti vya gesi si vitu vya kuoka.

Masanduku ya bei kubwa yasiyopitisha hewa kabisa yana kitundu kidogo cha kupumulia, na si bure. Ukilifunga Jinja ukapanda nalo mlimani, hewa ya ndani inabaki na msukumo wa Jinja wakati ile ya nje imepungua. Bila kitundu hicho linavimba, na likifunguliwa na kufungwa tena kule juu, kurudi chini linajifyonza mpaka kifuniko kinagoma kufunguka.

Kufuli lina kazi nyingine ambayo wauzaji huisahau. Kwenye kambi za Mto Nile pale Jinja, tumbili hujua saa ya chai kuliko wageni. Hawavunji, wanafungua: zipu ya hema, ndoano ya kapu, kifuniko kisichokazwa. Mkate ukae ndani ya sanduku, na kufuli libanwe, si kuning'inizwa tu.

Kwa anayevuka kwenda Kenya, iwe Malaba, Busia, Lwakhakha au Suam, afisa wa forodha ana haki ya kutaka kila sanduku lifunguliwe. Makufuli yanayofunguka kwa ufunguo mmoja huokoa muda, na ufunguo wa akiba ukae kwa abiria, usikae ndani ya sanduku lenyewe. Limeshatokea hilo, zaidi ya mara moja.

Gharama ya mwisho inalipwa kituo cha mafuta. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa sanduku kubwa la paani huongeza mzigo wa upepo kiasi cha kupunguza umbali ambao gari linakwenda kwa lita moja kwa asilimia 2 hadi 8 mjini, 6 hadi 17 kwenye barabara kuu, na hata 25 kwa mwendo wa kasi sana. Sanduku tupu linakula mafuta karibu sawa na lililojaa, maana upepo hauulizi kilichomo. Safari ikiisha, lishushwe: kufuli linafunguliwa, nati nne zinatolewa kwa ndani, kazi ya dakika kumi.