Kumbukumbu Isiyokumbuka: Upanukaji wa Kanzidata za Ramu kwa Wafanyabiashara wa Rwekubo, Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kwa Kiswahili namna kanzidata zinazoweka data katika ramu ya kompyuta zinavyofanya kazi, na mahali ambapo uwezo wake wa kupanuka hufika ukomo. Mifano imejengwa juu ya mazingira ya biashara ya Rwekubo, makazi ya wakimbizi ya Nakivale na jiji la Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda. Hoja inayotetewa ni kwamba ukomo huo husababishwa mara nyingi zaidi na miamala inayogombea akaunti moja kuliko na ukubwa wa data, na kwamba istilahi tulizo nazo sasa humficha mnunuzi swali analopaswa kuuliza kwanza.

Neno moja, maana mbili

Katika Kiswahili cha ofisini, kumbukumbu ni maandishi yasiyopaswa kupotea: kumbukumbu za mkutano, kumbukumbu za ardhi, kumbukumbu za mgonjwa. Katika makazi ya Nakivale, yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda na ambayo sasa yana Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo, neno hili lina uzito wa pekee. Mwaka 2018 Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda, kwa kushirikiana na UNHCR, iliwahakiki upya wakimbizi nchi nzima. Idadi iliyokuwa ikitajwa kabla ya hapo, takriban milioni 1.4, ilishuka hadi takriban milioni 1.1. Aliyepitia zoezi hilo anajua kwamba kumbukumbu ndiyo chakula, ndiyo kiwanja, ndiyo haki ya kutambuliwa.

Katika Kiswahili cha kompyuta, neno hilohilo limepewa kazi inayokaribia kuwa kinyume chake. Kumbukumbu ya kompyuta, ile inayoitwa ramu, ni mahali ambapo data hukaa wakati mashine inafanya kazi na kutoweka umeme unapokatika. Hivyo mshauri wa sera anayesoma kwamba chama cha akiba na mikopo kinanunua “kanzidata ya kumbukumbu” ana kila sababu ya kuelewa kwamba chama kinanunua mfumo wa kutunza rekodi kwa usalama. Kumbe kinanunua mfumo ambao, usipowekewa tahadhari, utasahau kila kitu jenereta likizimika. Katika makala haya natumia “kanzidata ya ramu”, na sababu zake nitazieleza baadaye.

Kwa nini data ziwekwe katika ramu

Kusoma kipande cha data kutoka ramu huchukua takriban nanosekunde 100. Kukisoma kutoka diski ya kisasa isiyozunguka huchukua makumi kadhaa ya maikrosekunde au zaidi, na kutoka diski ya zamani inayozunguka, takriban milisekunde 10. Tofauti kati ya ya kwanza na ya mwisho ni kama mara 100,000. Ikiwa ramu ni kuchukua kalamu iliyo mezani kwa sekunde moja, diski inayozunguka ni kungoja kalamu hiyo zaidi ya siku nzima.

Wazo la kuweka kanzidata yote katika ramu si geni. Kampuni ya TimesTen ilianzishwa mwaka 1996 na kununuliwa na Oracle mwaka 2005. Redis ilitolewa mwaka 2009, na SAP ilileta HANA kwa wateja wake wa kibiashara mwanzoni mwa muongo uliofuata. Kilichobadilika zaidi ni bei: ramu iliyokuwa anasa ya mabenki sasa imo katika simu zinazouzwa kandokando ya barabara mjini Mbarara.

Lakini tusidanganywe na kasi. Mfanyabiashara wa Rwekubo anayetuma fedha kwa simu hupitia menyu kadhaa, na kila hatua husafiri hadi kwenye mitambo ya kampuni na kurudi. Safari hizo hupimwa kwa sekunde. Kupunguza milisekunde 10 katika kanzidata hakumsaidii kitu anachoweza kukihisi. Anapofaidika ni pale foleni inapojaa, maana mtambo unaomaliza kila ombi haraka hupokea maombi mengi zaidi kwa sekunde ileile. Faida ya kanzidata ya ramu, kwa mtumiaji wa mwisho, ni kutokwama saa ya msongamano.

Hesabu ya ukubwa

Swali la kwanza la wanunuzi wengi ni kama data zao “zitatosha”. Tufanye hesabu ya kukadiria. Tuchukulie mfanyabiashara wa jumla mjini Mbarara anayenunua matoke na maziwa kutoka Isingiro, mwenye maingizo 2,000 kwa siku, kila ingizo baiti 500. Hiyo ni MB 1 kwa siku, MB 365 kwa mwaka, na chini ya GB 4 kwa miaka 10. Historia yote ya biashara yake inaenea katika ramu ya kompyuta ya kawaida ya mezani. Kwa mtu huyu suala la upanukaji halipo, na anayemuuzia kundi la seva kwa jina la upanukaji anamuuzia mzigo.

Sasa tuchukulie mtandao wa fedha za simu wenye akaunti milioni 30. Salio na taarifa chache za kila akaunti zikichukua baiti 200, jumla ni GB 6 tu. Ila miamala milioni 10 kwa siku, kila mmoja baiti 500, ni GB 5 kila siku na zaidi ya TB 1.8 kwa mwaka. Masalio yanaenea katika mashine moja, ilhali historia yake haienei, au inaenea kwa gharama isiyo na maana. Kwa hiyo mifumo iliyopangwa vizuri hugawa: salio la sasa hukaa katika ramu, na historia hukaa diskini. Ndiyo maana napenda kumtaka muuzaji aseme ni data zipi zitakaa wapi, kabla hajataja idadi ya seva.

Siku ya malipo

Mfumo hupanuliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kununua mashine kubwa zaidi, kama mwenye duka anayerefusha kaunta. Ya pili ni kuongeza mashine na kugawa data baina yake, kama mwenye duka anayefungua kaunta nyingine. Redis, kwa mfano, hutekeleza amri moja baada ya nyingine, na inapotumika kwa mashine nyingi, funguo zote za data hugawanywa katika vyumba 16,384 ambavyo mashine hugawana. Akaunti zinazojitegemea hugawika vizuri sana kwa njia hii. Mashine zikiongezwa maradufu, miamala inayohudumiwa hukaribia kuongezeka maradufu.

Shida huanza pale miamala inapokutana. Gene Amdahl alionyesha mwaka 1967 kwamba ikiwa asilimia 5 ya kazi lazima ifanywe kwa zamu, basi hata mashine ziwe nyingi kiasi gani, kasi haiwezi kuzidi mara 20. Kwa mashine 8, kasi haifiki hata mara 6. Wauzaji hawapendi hesabu hii.

Hebu tuipeleke Nakivale. Shirika linagawa fedha za msaada kwa simu kwa kaya 60,000 asubuhi moja. Kaya ni nyingi na zimetawanyika katika mashine tofauti, lakini fedha zote zinatoka katika akaunti moja. Kila malipo ni lazima yapunguze salio la akaunti hiyo, na salio moja halipunguzwi na wawili kwa wakati mmoja bila hatari ya kulipa fedha zisizokuwepo. Tuseme kila malipo huchukua milisekunde 20, kwa kuwa mashine ya mtoaji na ya mpokeaji lazima zikubaliane kwanza. Hayo ni malipo 50 kwa sekunde, na kazi nzima ni dakika 20, ziwepo mashine 4 au 400. Katika dakika hizo, mtu asiyeona fedha hupiga tena namba ya menyu, na tena, na jirani yake vilevile. Mkongo atasema rezo imekata. Mtanzania atasema mtandao unasumbua. Mtandao mara nyingine hauna kosa lolote.

Tiba ipo na ni ya kikarani zaidi kuliko ya kihandisi: kugawa akaunti ya mtoaji. Nakivale inasimamiwa kwa kanda tatu, yaani Base Camp, Juru na Rubondo. Akaunti ndogo tatu, zilizo katika mashine tatu, zingeshusha muda kutoka dakika 20 hadi chini ya 7. Ila kuna gharama yake. Akaunti ya Juru inaweza kuishiwa wakati ya Rubondo ina akiba, na hapo mtu fulani au programu fulani lazima ihamishe fedha kati yake. Mawakala wanaijua hali hii bila kusoma Amdahl: wakala wa Rwekubo hukosa floti huku mwenzake wa Mbarara amekaa na floti asiyoitumia. Sioni mfano bora zaidi wa kumfundishia mwanafunzi mada hii.

Umeme unapokatika

Kwa kuwa ramu husahau, kanzidata za ramu huwekewa kinga za namna tatu, na mara nyingi huchanganywa. Kuna nakala ya hali nzima inayoandikwa diskini kila baada ya muda. Kuna daftari la matukio ambamo kila badiliko huongezwa mwishoni. Na kuna mashine pacha inayopokea kila badiliko kupitia mtandao.

Kila kinga ina mwanya wake. Nakala ya hali hupoteza yote yaliyotokea tangu nakala ya mwisho. Daftari, katika mpangilio unaotumika sana, hulazimishwa diskini mara moja kila sekunde, hivyo mashine ikizimika ghafla, takriban sekunde moja ya miamala inaweza kupotea. Mashine pacha huweza kuwa nyuma ya ya kwanza kwa kitambo kidogo. Mianya yote inaweza kuzibwa kwa kungoja uthibitisho kabla ya kumjibu mteja, lakini kungoja ndiko kunakorudisha zile milisekunde tulizozikimbia. Sekunde moja si kitu kwa orodha ya bei za matoke. Kwa mtandao unaohudumia miamala 300 kwa sekunde, ni watu 300.

Istilahi

Nikirudi kwenye lugha: “hifadhidata” hainifai hapa kwa sababu kitenzi kilichomo ndani yake, kuhifadhi, kinaahidi kile hasa ambacho ramu haikitoi. “Kanzidata”, kutokana na kanzi, yaani hazina, haina ahadi hiyo ya wazi. “Memori” ingefaa, ila mitaani imekwisha kuchukuliwa na kadi ndogo ya simu inayotunza nyimbo na picha, ambayo haisahau. “Ramu” inabaki. Watakaonipinga watasema ni jina la pombe. Nakubali, lakini mnunuzi wa simu Mbarara anayeuliza ramu ni ngapi hajawahi kupewa chupa.

Jambo hili linawahusu wataalamu wa Uganda hasa, kwa kuwa Baraza la Mawaziri la nchi hiyo liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, na nyaraka za ununuzi na ujumbe wa simu zitakuja kuandikwa kwacho. Napendekeza kazi ianzie kwenye ujumbe. Neno “imethibitishwa” linaloonekana kwenye skrini linaweza kumaanisha kwamba muamala uko katika ramu ya mashine moja, au umeshafika diskini, au umeshapokelewa na mashine pacha. Wakala hutoa noti taslimu kwa kuliona neno hilo tu. Kiswahili kinavyo vitenzi vya kutenganisha hali hizi: umepokelewa, umeandikwa, umehifadhiwa. Mkataba wa ununuzi unaweza kutaja ni kipi kati ya hivyo lazima kiwe kweli kabla ujumbe haujatumwa kwa simu ya wakala.