Itifaki, Kompyuta na Masomo ya Uzamili

Wako wanaotuuliza kama mtheolojia anayekwenda kusomea insia za kidijitali kwa shahada ya uzamili hajauacha wito wake. Swali hilo lingemshangaza Padre Roberto Busa, Mjesuiti wa Italia. Mwaka 1949 alimwendea Thomas Watson, mkuu wa kampuni ya IBM, akaomba mashine zake zimsaidie kutunga itifaki ya maandiko ya Thoma wa Akwino. Kazi hiyo ilidumu takriban miaka 30, ikachapishwa katika majuzuu 56. Wengi huuhesabu huo kuwa mwanzo wa taaluma hii.

Anayeisomea, mathalani katika King's College, London, hafundishwi kupiga chapa. Hufundishwa kuuliza maswali ya historia, lugha na imani juu ya maandishi mengi kuliko awezayo kuyasoma mtu mmoja, na kuieleza njia yake waziwazi ili mwingine aipime.

Tumchukue mwanafunzi wa Kamunyonge, mjini Musoma, atakaye kuchunguza jinsi msamaha ulivyohubiriwa katika usharika wake. Ameyaingiza mahubiri ya miaka mingi katika kompyuta. Akiiamuru itafute neno “samehe” likiwa peke yake, itayaruka “tusamehe”, “amesamehewa” na “kusameheana”. Akitafuta herufi “sameh”, hayo yatapatikana, lakini “msamaha” utapotea. “Neema” haina taabu hiyo, kwa kuwa haibadiliki. Basi ataandika kwamba wahubiri wake walitaja neema kuliko msamaha, na tasnifu nzima itasimama juu ya kosa la kuhesabu! Programu nyingi zilitungwa kwa lugha ambazo maneno yake hayajengwi kama ya Kibantu. Ndiyo maana tunaithamini kazi ya Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambaye tangu miaka ya 1980 aliunda programu ya kutenga mzizi wa neno la Kiswahili na viambishi vyake. Hazina ya matini ya Kiswahili iliyoko huko ina maneno yapatayo milioni 25.

Kijita, Kikwaya na Kizanaki havina wingi huo wa maandishi. Sehemu kubwa ya habari zake imo vinywani mwa wazee. Mwaka 2003 Jan Bender Shetler alichapisha mkusanyo wa historia zilizoandikwa na wenyeji wa Mara ya Kusini; ni msingi mwema, ingawa kitabu hakihifadhi sauti. Kwa maoni yetu, hapa ndipo mwanafunzi wetu anapohitajika zaidi, naye aende chuoni akiwa na kazi hii mkononi. Lakini mzee aliyesimulia habari za ukoo wake barazani hakukubali kwa hilo kusikika duniani kote. Aombwe idhini kwa lugha yake, kabla ya kinasa sauti kuwashwa, na aelezwe nani atakayemsikiliza, na kama nakala moja itabaki Musoma, mahali ambapo wajukuu wake wataweza kuifikia bila kulipia.